Nani Alipie Oda Iliyobadilika

Wafanyabiashara waliozoeana huishi na imani moja ambayo hawaisemi: kwamba mazoea yenyewe ni ruhusa. Mnunuzi aliyechukua mzigo kila mwezi kwa miaka kumi hujiona ana haki ya kupiga simu na kusema punguza, ongeza, ahirisha. Muuzaji naye humeza mate na kuitikia, maana mteja wa siku nyingi hakataliwi. Sura hii inaipinga imani hiyo. Kadiri watu wanavyofanya biashara kwa muda mrefu ndivyo oda zinavyobadilika mara nyingi zaidi, na ndivyo mabadiliko hayo yanavyohitaji bei iliyojulikana mapema. Oda iliyobadilishwa bila bei haijabadilishwa bure. Gharama yake humwangukia aliye mnyonge kati ya wawili, ikalundikana kimyakimya, mpaka siku atakapopata mnunuzi mwingine au atakapofunga kiwanda. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wateja vilevile.

Tuanze na namna wafanyabiashara wanavyoenenda hasa, tuache kwanza namna mawakili wanavyodhani wanaenenda. Mwaka 1963 Stewart Macaulay, mwalimu wa sheria katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, alichapisha utafiti mdogo uliokuja kupata sifa kubwa. Alikuwa amezungumza na wafanyabiashara na mawakili 68 kutoka kampuni 43 na ofisi sita za mawakili. Pamoja na mengine, aliwauliza habari za kufuta oda. Kisheria jibu lilikuwa wazi: oda ikishakubaliwa ni mkataba, na anayeifuta anaweza kudaiwa fidia, ikiwamo faida ambayo muuzaji angeipata. Lakini maofisa ununuzi kumi aliowauliza swali hilo, wote, walisema wanatarajia kuruhusiwa kufuta, ilimradi walipe gharama kubwa ambazo muuzaji amekwisha kuziingia, kwa mfano chuma ambacho sasa kitatupwa. Watu 17 wa mauzo nao wakakiri kwamba mara nyingi hawana budi kukubali. Faida iliyopotea haikudaiwa. Machoni pa mnunuzi hapakuwa na mkataba uliovunjwa. Palikuwa na oda iliyofutwa, basi.

Desturi hiyo ina busara kuliko inavyoonekana kwa mara ya kwanza. Inatenganisha fedha iliyokwisha kutoka mfukoni mwa muuzaji na fedha aliyokuwa akiitarajia. Ile iliyotoka mnunuzi anairudisha, kwa kuwa ilitoka kwa neno lake. Ile iliyotarajiwa muuzaji anaiachia, kwa kuwa anategemea kuipata katika oda zijazo, na hapa ndipo urefu wa uhusiano unapofanya kazi: unapunguza kiasi cha deni, lakini hauliondoi. Mtu wa kupita hana oda zijazo, kwa hiyo muuzaji ana sababu ya kumdai kila senti. Pwani yetu inakijua chombo cha kale kinachokaribiana na hiki, nacho ni arbuni, ile fedha ya kutangulia ambayo mnunuzi akighairi hairudi. Mafakihi walihitilafiana juu yake tangu zamani. Wengi wa madhehebu ya Hanafi, Maliki na Shafi waliikataza, wakisema muuzaji anakula mali ya mwenzake bila kutoa kitu. Wahanbali wakairuhusu, wakizingatia kwamba aliyemwekea mtu bidhaa amejinyima nafasi ya kumuuzia mwingine. Ukizisoma hoja hizo pamoja utaona zote zinazunguka swali moja: muuzaji amepoteza nini kwa kungoja? Swali hilo ndilo linalopaswa kutangulia kila oda inapobadilika, na ni ajabu jinsi linavyoulizwa mara chache na watu wanaodai kujuana.

Wapo watakaosema kwamba hata gharama hizo zisidaiwe, mteja aachwe awe huru kabisa, naye atavutiwa na uhuru huo. Tatizo ni kwamba anayeweza kufuta bure huagiza ovyo. Mwaka 1997 Hau Lee, V. Padmanabhan na Seungjin Whang walieleza kwa nini badiliko dogo dukani hugeuka kuwa badiliko kubwa kiwandani. Mfano wao mmoja ulikuwa nepi za Pampers: watoto hawabadilishi sana kiasi cha nepi wanachotumia wiki kwa wiki, lakini oda za wasambazaji kwa kampuni ya Procter & Gamble zilikuwa zikipanda na kushuka kupita kiasi. Miongoni mwa sababu walizozitaja ni ujanja wa wakati wa uhaba. Bidhaa ikiwa adimu na kufuta hakuna gharama, mnunuzi huagiza maradufu ya anachohitaji, akitumaini kugawiwa nusu. Miaka michache baadaye kampuni ya Cisco, inayotengeneza vifaa vya mitandao, ilikutana na balaa la namna hiyo. Wakati biashara ya intaneti ilipokuwa ikivuma, vifaa vilikuwa haba na wateja waliagiza kitu kilekile kwa zaidi ya muuzaji mmoja. Cisco ikazichukua oda hizo kuwa ni mahitaji ya kweli, nayo ikawaagiza watengenezaji wake kwa kiasi hichohicho. Soko lilipoanguka, mwaka 2001, ilibidi ifute kwenye vitabu vyake akiba yenye thamani ya takriban dola bilioni 2.2. Wateja hawakusema uongo wakiwa na nia mbaya. Oda zao hazikuwa na uzito, na oda isiyo na uzito haimpi habari yule anayeipokea.

Ushahidi ulio karibu zaidi nasi unatoka kwenye waridi la Kenya, na huu unastahili muda, kwa sababu unayavuruga mambo tunayodhani tunayajua kuhusu mteja wa siku nyingi. Waridi halingoji mahakama. Likikatwa Naivasha linatakiwa lipozwe, lifungwe, lipakiwe ndegeni Nairobi na lifike Ulaya ndani ya siku chache. Likifika limenyauka, hakuna hakimu atakayeweza kusema kwa yakini kama kosa ni la shamba, la msafirishaji, au la mnunuzi aliyeliacha kwenye joto. Ndiyo maana biashara ya moja kwa moja kati ya shamba na mnunuzi wa ng'ambo huendeshwa kwa mapatano ambayo kortini hayana meno. Kando yake lipo soko la mnada la Uholanzi, ambako ua lolote huuzwa kwa bei ya siku. Mahitaji hupanda kabla ya siku ya wapendanao, 14 Februari, na bei ya mnada hupanda nayo. Kila mwaka, basi, muuzaji aliyekwisha kukubaliana bei na mteja wake huliona soko la jirani likilipa vizuri zaidi, na hakuna kinachomzuia kulikimbilia ila thamani ya mteja huyo katika miaka ijayo. Wachumi Rocco Macchiavello na Ameet Morjaria walipitia kumbukumbu za forodha za shehena za maua hayo, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2015 yanaonyesha kwamba thamani hiyo ipo, inapimika, na hukua kadiri uhusiano unavyokua.

Lakini katika kipindi walichokichunguza zilitokea fujo za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Zilianzia maeneo ya Eldoret mara tu matokeo yalipotangazwa, na mwishoni mwa Januari 2008 zikafika Nakuru na Naivasha. Wafanyakazi wengi walikimbia makwao, na mashamba ya maeneo hayo yakakosa watu wa kukata na kufunga maua wakati ambapo oda za Februari zilikuwa mlangoni. Kila shamba lililazimika kuchagua: hizi shada chache tulizonazo apewe nani? Ungetegemea kwamba mteja mkongwe angetangulia. Haikuwa hivyo. Wateja wapya kabisa hawakupewa kipaumbele, jambo linaloeleweka. Waliohudumiwa kwa juhudi kubwa zaidi walikuwa wale wa katikati, ambao uhusiano wao ulikwisha kuwa na thamani lakini haujakomaa. Kwa wakongwe, juhudi ilishuka tena. Maelezo ya watafiti ni kwamba shamba lilikuwa likijijengea jina. Mteja wa katikati alikuwa bado anajiuliza kama muuzaji huyu anaaminika, kwa hiyo kumfikishia mzigo wakati wa taabu kulikuwa na faida kubwa. Mteja mkongwe alikwisha kujua anashughulika na nani, na kumthibitishia tena hakukuongeza kitu.

Mtu anaweza kuyasoma matokeo hayo kwa utulivu: wakongwe walivumilia kwa sababu wanaelewana, na uvumilivu huo ndio matunda ya uhusiano. Nakubali nusu. Uvumilivu ulikuwepo na ulifaa. Ila tazama nani aliubeba. Mkongwe aliachwa nyuma kwa sababu ndiye aliyetazamiwa asilalamike, na kama hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba safari hii amebeba yeye, hana njia ya kulikumbusha shamba siku atakapokuwa na shida yake mwenyewe. Umri wa uhusiano, ukiachwa peke yake, haumlindi mtu. Wakati mwingine humfanya awe wa kwanza kutolewa mhanga. Hilo ni kweli kwa mnunuzi, na ni kweli zaidi kwa muuzaji, kama miaka kumi na miwili baadaye ilivyodhihirisha upande mwingine wa dunia.

Machi 2020, maduka ya Ulaya na Marekani yalipofungwa kwa sababu ya korona, kampuni za nguo zilizikimbilia oda zao na kuanza kuzifuta. Chama cha wenye viwanda vya nguo cha Bangladesh kiliripoti kwamba oda zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3 zilifutwa au kusimamishwa, zikigusa viwanda zaidi ya 1,100. Mark Anner wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania aliwahoji wenye viwanda mwezi huohuo. Kwa mujibu wa majibu yao, asilimia 72.1 ya wanunuzi waliofuta walikataa kulipia malighafi iliyokwisha kununuliwa, na asilimia 91.3 walikataa kulipia kazi ya kukata na kushona. Haya yalikuwa chini hata ya kile kiwango cha chini ambacho maofisa ununuzi wa Macaulay walikiona ni cha kawaida. Wengi wa wanunuzi hao hawakuwa wageni. Walikuwa wamezunguka viwanda hivyohivyo kwa miaka, wakiviita wabia. Kilichowawezesha kufanya hivyo ni mpangilio wa malipo. Kiwanda hununua kitambaa, hulipa mishahara, hushona, husafirisha, kisha husubiri fedha kwa miezi. Wakati wote huo mnunuzi hana hata shilingi yake ndani ya mzigo. Ubia ambao upande mmoja hauna chochote cha kupoteza oda ikifutwa ni ubia wa maneno. Kampuni ya H&M ilitangaza kabla mwezi huo haujaisha kwamba itachukua na kulipia nguo zilizokwisha kushonwa na zilizokuwa zikishonwa, na baada ya shinikizo la umma nyingine zikafuata, baadhi kwa kuchelewa na baadhi kwa kudai kwanza punguzo.

Hapa ndipo lilipo pingamizi zito kuliko yote, nalo haliwezi kupuuzwa. Ni kazi rahisi kuandika kwamba oda iwe na bei ya kubadilishwa. Lakini mwenye kiwanda cha Dhaka, au fundi wa sare za shule wa Mwanza, atamwambiaje mnunuzi mkubwa atie saini, hali nyuma yake wamepanga foleni wengine kumi wasiodai chochote? Ukweli ni kwamba mara nyingi hataweza, si kwa kifungu cha mkataba. Anachoweza kukifanya ni kupunguza kile anachokitanguliza. Malighafi inunuliwe kwa fedha ya mnunuzi, hata kama ni sehemu tu. Mzigo mkubwa ugawanywe katika mafungu yanayolipwa moja baada ya jingine. Kitambaa chenye rangi au nembo ya mteja mmoja, kisichoweza kuuzwa kwa mwingine, kisikatwe mpaka arbuni iingie. Hatua hizo hazihitaji hakimu na hazihitaji mnunuzi awe mwema. Zinamfanya awe na chake ndani. Kwa walio wengi na wadogo, njia nyingine ni kusema kwa sauti moja. Mwaka 2021 vyama vya wenye viwanda vya nguo kutoka nchi kadhaa vilikaa pamoja na kutoa masharti ya chini ya biashara ambayo wanunuzi wanaombwa wayaheshimu. Masharti ya pamoja hayamlazimishi mnunuzi, lakini yanampunguzia nafasi ya kumtisha mmoja kwa jina la mwingine.

Pingamizi la pili ni la wale wanaoona kwamba kuzungumza bei kunaua imani. Marafiki hawahesabiani, watasema, na watataja Toyota. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha kampuni ya Aisin mjini Kariya, Japani, kilichokuwa kikitengeneza karibu vali zote za breki ambazo Toyota ilizitumia kudhibiti mgandamizo kwenye magurudumu ya nyuma. Toyota ilikuwa na akiba ya vali hizo ya saa chache tu, na viwanda vyake vikasimama. Makampuni mengi, mengine hayakuwahi kutengeneza vali maishani, yakaacha kazi zao na kuanza kuzichonga bila kungoja kukubaliana bei, na ndani ya siku chache magari yakaanza tena kutoka. Ni kisa kizuri na husimuliwa mara nyingi, lakini kwa kawaida husimuliwa bila mwisho wake. Baadaye Aisin ililipa gharama za waliosaidia, na Toyota ikawalipa wagavi wake wa karibu fedha ya shukrani iliyokadiriwa kwa asilimia 1 ya mauzo yao kwake katika robo hiyo ya mwaka, jumla ikifika takriban yeni bilioni 15. Waliosaidia hawakujadili bei usiku wa moto kwa sababu walijua, kwa mazoea ya miaka, kwamba hesabu itafanywa na haitawapunja. Kuhesabiana ndiko kulikowapa ruhusa ya kutohesabiana kwanza. Ondoa ule mwisho, na moto wa pili ungekuta watu wachache zaidi mlangoni.

Linabaki lile la dharura: haiwezekani, watasema, kupanga bei ya jambo lisilotazamiwa. Ni kweli, hakuna aliyeiandika korona katika mkataba. Lakini katika msimu huohuo watengenezaji wa magari walifuta oda zao za chipu za kompyuta, na watengenezaji wa chipu wakawapa nafasi hizo wenye simu na kompyuta za nyumbani. Mahitaji ya magari yaliporudi mapema kuliko walivyotarajia, watu wa magari wakajikuta mkiani mwa foleni ambayo ilichukua miezi mingi kusogea. Toyota iliumia baadaye kidogo kuliko wenzake. Baada ya tetemeko la mwaka 2011 ilikuwa imewataka wagavi wake waweke akiba ya chipu ya miezi miwili hadi sita, na ilikuwa ikigharimia mpango huo miaka yote ambayo hapakutokea kitu. Haikulitabiri janga. Ilijua tu kwamba anayetengeneza kitu kinachochukua miezi hawezi kupunguza leo na kuongeza kesho kwa ajili ya kupigiwa simu. Kisichojulikana ni sababu ya mabadiliko. Muda ambao kazi inachukua unajulikana, na bei inaweza kufungwa kwenye muda huo.

Hivyo ndivyo viwanda vya magari vya Marekani vinavyofanya tangu zamani, na sioni kwa nini mpango wao usitufae. Ratiba ya oda anayopewa mgavi hugawanywa kwa wiki. Wiki za karibu kabisa ni ruhusa ya kutengeneza: mnunuzi akibadili mawazo, analipia bidhaa nzima. Zinazofuata ni ruhusa ya kununua malighafi: akibadili, analipia malighafi peke yake. Zilizobaki mbele ni makadirio, na hazimfungi mtu. Shamba la waridi linaweza kuufuata mpango uleule kwa kalenda yake. Vichipukizi hukatwa wiki kadhaa kabla, karibu Desemba, ili maua yatoke kwa wingi Februari. Mteja anayepunguza oda Novemba hajamgharimu mtu kitu. Anayepunguza Januari anakuta maua yamekwisha kuelekezwa kwake, na haki ni alipe tofauti kati ya bei waliyokubaliana na ile itakayopatikana mnadani. Anayeongeza Januari naye ana bei yake, ambayo watu husahau kuitoza: saa za ziada, nafasi ya ndege iliyonunuliwa kwa haraka, na mteja mwingine aliyepunguziwa ili yeye aongezewe.

Kwa mwenye biashara ndogo, jambo hilo lote halihitaji wakili. Simu ikishapigwa, ujumbe mmoja wa WhatsApp unaotaja oda ya zamani, kiasi kipya, tarehe, kilichokwisha kukatwa au kununuliwa, na nani anakilipia, unatosha kuwa daftari. Ikiwa muuzaji ameamua kusamehe, aandike pia kwamba amesamehe na kiasi gani, ili mwakani, yeye atakapochelewesha mzigo, wote wawili wawe na mahali pa kutazama. Ujumbe huo una uzito hata nje ya mazoea yao: nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za namna hiyo kuwa ushahidi.